Funguo Nne za Besi

Aliyenifundisha useremala ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Nilitoka Sibwesa nikiwa nimemaliza darasa la saba, nina begi moja, nikafikia kwao Shanwe, hapa Mpanda mjini, na tangu siku hiyo nilikula kwao mpaka nilipooa. Ndiye aliyenionyesha namna ya kushika randa. Ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu siku ya kupeleka mahari, kwa sababu baba alikuwa hawezi kutoka kitandani. Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane ninamzungumzia mtu wa namna gani. Simzungumzii adui.

Ndiye pia aliyenifundisha besi. Kanisani kwetu kuna besi la kusimama, lile fidla kubwa linalomzidi mtu kimo, ambalo liliachwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyefundisha muziki hapa mjini halafu akarudi kwao. Katika mkoa huu sijawahi kuona la pili. Shemeji alijifunza kwa yule mwalimu, na mwalimu alipoondoka, yeye akabaki mtu pekee anayejua. Kwa miaka mingi, ukisikia kwaya yetu, ile sauti nzito ya chini unayoihisi kwenye benchi ulilokalia, ujue ni mkono wake.

Kisha mashine ya randa ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Alipona, akarudi kazini, akarudi na kwenye kwaya. Lakini vidole havikufika tena pale vilipozoea kufika. Sauti ikawa inaangukia chini kidogo ya wimbo, na wale wanaume wa sauti ya nne wakawa wanaanguka nayo. Hakuna aliyesema. Tulivumilia karibu mwaka mzima kwa heshima. Mwishoni mwalimu wa kwaya, mama mmoja anayefundisha shule ya msingi, alituita mimi na yeye baada ya mazoezi.

“Baba,” akamwambia shemeji, “umetubeba muda mrefu. Naomba sasa umwachie shemeji yako, wewe uwe unamsimamia.”

Shemeji alicheka. Akanipiga begani kwa ule mkono mzima.

“Mimi nilikuwa nangoja tu mniambie,” alisema. “Chukua, shem. Besi ni lako.”

Nilimwamini. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba leo nimeona mtu mwenye moyo mkubwa.

Baada ya miezi michache tulialikwa Kasekese kuimba kwenye uzinduzi wa kanisa jipya. Zilibaki wiki nne. Jumatano jioni tulifika mazoezini, nikaingia chumba cha nyuma kulitoa besi, nikalikuta limelazwa chali juu ya mkeka. Nyuzi zilikuwa zimekunjwa moja moja na kufungwa kwa uzi wa cherehani. Kile kibao kinachonyanyua nyuzi tumboni kilikuwa kimeviringishwa kwenye gazeti na kuwekwa kando kisije kikakanyagwa. Funguo zote nne hazikuwepo.

Funguo ninazosema ni zile za kichwani, za kukazia nyuzi. Zilikuwa za shaba, kila moja na bamba lake na gurudumu lenye meno, nzito mkononi. Bila hizo, besi ni sanduku tu. Mtu alikuwa amefungua skrubu zote kumi na sita bila kuchana mbao hata kidogo.

“Aliyefanya hivi anaijua kazi,” nilisema.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama, akatazama matundu ya skrubu, akapitisha kidole.

“Au ana muda,” alisema. “Mtu anayeshika ufunguo wa mlango ana muda wa kutosha.”

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuhitaji. Aliyeshika ufunguo wa mlango ni mama mmoja mjane aliyekuwa akifagia kanisa na kupanga maua. Alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wazazi wake walitoka Burundi, naye alishapewa uraia siku nyingi. Kwa miaka saba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini mjini kwetu wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila siku na mizani zao, na shaba ndiyo wanayoiulizia kwanza. Mtu mmoja kwenye kwaya akasema “hawa watu wa makazi,” na hakumalizia, na hakuna aliyemwuliza alitaka kusema nini.

Wazee wa kanisa walimwita. Na mimi niliitwa, kwa sababu besi lilikuwa mikononi mwangu. Yule mama aliketi na mikono yake juu ya mapaja. Walimwuliza ni nani aliingia chumba cha nyuma wiki ile.

“Kina mama wa maua, Jumamosi,” alisema. “Na Jumanne nilimfungulia fundi, alisema amekuja kupima dirisha. Nikamwacha akipima, nikaenda kuteka maji.”

Fundi alikuwa shemeji yangu. Kila mtu mle ndani alijua hivyo. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa sauti ambayo hata sasa nikiikumbuka naona haya.

“Mama, unamtaja shemeji yangu? Yeye ndiye aliyelitunza besi hili tangu wengine hatujajua hata jina lake.”

Alinitazama tu. “Mmeniuliza nani aliingia,” alisema. “Nimewajibu.”

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, mzee mmoja alisimama na kipaza sauti akasema kwamba kutokana na upotevu uliotokea, ufunguo wa kanisa utashikwa na wazee hadi hapo itakapotangazwa. Hakumtaja mtu. Yule mama alikuwa benchi la tatu. Alikaa mpaka baraka ya mwisho, kisha akaweka ufunguo juu ya benchi, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Hatukumwona tena kanisani kwetu. Watu wakasema, mnaona.

Leo nikisimulia, wanaonisikiliza huniuliza ilikuwaje nisione. Gazeti lile, nyuzi zilizofungwa kwa upole namna ile, mwizi gani wa shaba anafanya hivyo? Sina jibu zuri. Niliona kila kitu, ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye macho yangu yalikuwa hayawezi kumfikia, na ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

Nilipiga simu Dar es Salaam kwenye duka la vyombo vya muziki. Aliyepokea aliniuliza mara tatu ni gitaa la aina gani, halafu akasema vitu hivyo huagizwa nje, nisubiri miezi. Basi nikaamua kuzichonga mwenyewe, za mbao, kama funguo za fidla ndogo zilivyo. Nilitafuta kwenye simu nikapata video ya mzee mmoja wa mbali anayefanya kazi hiyo. Lugha yake sikuijua, nikaangalia mikono yake tu, nikairudia mpaka bando likaisha.

Shemeji alianza kuja karakana kwangu kila siku baada ya kazi zake. Alikaa juu ya fremu ya kitanda ambacho sijakimaliza, akanitazama.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuziba. Kichwa cha besi ni kama kihori kidogo, kuta mbili za mbao zinatazamana, na ufunguo unapita kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Matundu ya zamani yalitobolewa kwa ajili ya chuma. Ufunguo wa mbao unataka tundu linalopungua taratibu kutoka upande huu hadi ule, ili ukiusukuma ndani ubane. Kwa hiyo ilinibidi niyazibe yote manane kwa mbao ngumu na gundi, kisha nitoboe upya. Ukishaziba, umeziba. Zile za shaba hata zikipatikana kesho hazina tena pa kukaa.

Nilikuwa nimeshika kizibo cha kwanza, nimeshakipaka gundi, aliponiuliza, “Una uhakika unataka kuyaziba?”

“Nifanyeje, shemeji?”

“Labda zitapatikana. Ngoja wiki moja.”

“Safari imebakiza wiki tatu. Nikingoja wiki, nabaki na nini?”

Alinyoosha mkono akakichukua kile kizibo, akakizungusha kwenye vidole vyake vilivyokatika. Gundi ilikuwa inaanza kukauka. Nilidhani anafikiria kazi. Sasa najua kwamba katika dakika ile alikuwa na neno mdomoni, na akalimeza. Akanirudishia.

“Kigeuze basi,” alisema. “Mshipa wa mbao ya kizibo ulale sawa na mshipa wa ukuta. Ukikiweka hivyo ulivyotaka, kitapasua kichwa.”

Nilikigeuza, nikakigonga, kikaingia. Alikaa mpaka tulipomaliza vyote vinane, na gundi ilipofura pembeni aliifuta kwa shati lake la kazi.

Chombo cha kupanulia tundu la namna ile hakiuzwi Mpanda. Nilikereza kipande cha mbao kikawa na umbo la karoti, nikakipasua kwa urefu, nikachomeka kipande cha msumeno wa chuma, kikawa kinakwangua kila nikikizungusha. Funguo zenyewe nilizikereza kwenye mashine ile ile ninayokerezea miguu ya vitanda, nikiomba umeme usikatike. Za kwanza zilikuwa za mninga, nzuri kwa macho, nimezipa masikio mapana ili zishikwe kwa mkono mzima. Nilifunga uzi mnene, nikakaza, nikakaza, na nilipokaribia sauti, ufunguo ukageuka wenyewe kwa nguvu, sikio lake likanipiga kifundo cha mkono. Siku mbili sikuweza kushika nyundo.

“Mninga ni laini kwa kazi hii,” shemeji aliniambia. “Una mpingo?”

Nilikuwa na gogo fupi nililolitunza kwa ajili ya mipini. Nikakereza tena nne. Mpingo unachukua muda, unakula patasi, na vumbi lake linawasha koo. Nazo ziliteleza, ingawa si kama zile za kwanza. Nilikata tamaa kabisa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

“Zinateleza kwa sababu zinagusa sehemu moja tu,” alisema. “Lete chaki.”

Alinionyesha. Unaupaka ufunguo chaki, unauingiza, unauzungusha mara moja, unautoa. Pale chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Unakwangua hapo, unapaka tena, unarudia, mpaka chaki ifutike kote kwa usawa. Tulifanya hivyo siku nne, ufunguo mmoja kila siku. Mwisho akachukua kipande cha sabuni ya mche, akasugua kidogo ili ufunguo ugeuke bila kukwama, na juu yake akarudisha chaki kidogo ili usirudi nyuma. Sabuni ikizidi utateleza, chaki ikizidi utalia na kukwama. Alikuwa akisugua, ananipa nijaribu, anapokea tena. Mwalimu wa kigeni ndiye aliyemfundisha hayo kwenye fidla yake ndogo, alisema.

Uzi mnene ulishika. Kinanda cha kwenye simu yangu kilitoa sauti, nikakaza mpaka ikalingana, nikaachia mkono. Haukurudi. Nikafunga wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipovuta uzi wa chini kwa kidole, ile sauti ikatoka, na karakana nzima ikaitika, hadi misumari kwenye kopo.

Shemeji alikuwa amefumba macho. Kisha akasimama akatoka nje bila kuaga. Nilidhani furaha imemzidi.

Kasekese tuliimba vizuri. Besi halikushuka sauti sana kwa safari ile ya juu ya gari la mizigo, nikalipandisha mara mbili tu. Baada ya wimbo wa pili mwenyeji wetu alituomba tuseme neno kuhusu chombo hiki ambacho watu walikuwa wakikipiga picha. Mwalimu wa kwaya akanipa kipaza sauti. Nikaeleza kidogo kwamba funguo zake ziliibiwa, na kwamba hizi mnazoziona tumezichonga Mpanda.

“Na kama si shemeji yangu aliyesimama pale nyuma,” nilisema, “besi hili leo lisingelia. Naomba mumpigie makofi.”

Watu walipiga makofi. Alinyanyua mkono kidogo, akatazama chini. Nilimpenda zaidi kwa ile haya yake.

Mwezi mmoja hivi ulipita. Jumamosi moja asubuhi dada alinipigia niende kwake. Shemeji alikuwa amesafiri kufuata mbao. Nilimkuta dada uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua matembele. Alinikaribisha, hakunitazama. Halafu akaingia ndani, akatoka na ndoo ndogo ya rangi, yenye kifuniko, akaiweka miguuni pangu.

“Chukua vitu vyako,” alisema. “Siwezi kuendelea kulala navyo uvunguni.”

Nilifungua. Zilikuwa funguo za shaba, zote nne, zimefungwa kwenye kipande cha kanga yake ya zamani, na skrubu zake kwenye mfuko wa plastiki. Zilikuwa zimepakwa mafuta zisipate kutu.

Sikuelewa mara moja. Nakumbuka nilimwuliza, “Amezipata wapi?” Nilidhani amezinunua kwa wauza chuma chakavu. Hata pale, akili yangu ilikuwa bado inamtetea.

“Hakuzipata,” dada alisema. “Alizileta Jumanne ile, mchana, kwenye mfuko wa vifaa. Aliniambia niziweke kwa siku chache tu.”

“Jumanne ipi?”

“Kabla ya Jumatano yenu.”

Niliketi chini. Yeye akaendelea kuchambua.

“Dada, ulijua tangu siku ya kwanza?”

“Nilijua.”

“Nilikuwa nakula hapa kila Jumapili. Uliniona kifundo kimevimba, ukanipashia maji ya chumvi.”

“Nilikupashia.”

“Na yule mama? Ulikuwepo kanisani wakitangaza.”

Mkono wake ulisimama. “Nilikuwepo,” alisema. “Ungetaka nifanye nini? Ni mume wangu.”

“Na mimi ni nani?”

Alichukua jani lingine, akalikata kikonyo. Nilingoja. Nilitaka alie, au anigombeze, chochote, lakini alikuwa kama mtu aliyekwisha kulia peke yake siku nyingi zilizopita. Aliponiona nimenyanyuka na ile ndoo alisema, “Nimekupa sasa kwa kuwa umeshachonga zako. Nilifikiri haitauma sana.”

Shemeji alirudi Jumatatu. Alikuja mwenyewe karakana, akakaa pale pale kwenye fremu ya kitanda. Ndoo ilikuwa juu ya meza ya kazi. Aliitazama, akajua.

“Sikuziuza,” alisema.

“Najua.”

“Nilitaka uje kwangu. Basi. Uje useme, shemeji nimeshindwa, tufanyeje. Ningezileta siku hiyo hiyo, ningesema nimezipata kwa mtu, ningezifunga mwenyewe, mngeenda Kasekese.” Alikuwa anaongea akitazama vidole vyake. “Lakini wewe hukuja. Kila nikifika nakukuta umepiga hatua nyingine.”

“Ukanisaidia.”

“Ningekuacha uharibu kichwa cha besi?” Alinishangaa kweli kweli. “Nimelitunza miaka mingapi lile.”

Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Angenifundisha uongo, ningejua kumchukia kwa ukamilifu. Lakini kila alichonifundisha zile wiki kilikuwa kweli, chaki na sabuni na mshipa wa mbao, na alinifundisha akijua kuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda anacholalia, kuna kitu ambacho kingenipumzisha kazi yote ile kwa nusu saa na bisibisi.

“Ulisema besi ni langu,” nilimwambia. “Mbele ya mwalimu wa kwaya. Ungekataa pale.”

“Ningekataa vipi? Nyie mlikuwa mmeshaamua. Mlikaa mwaka mzima mnanitazama vidole.”

Ni kweli tulimtazama vidole.

“Na yule mama?”

“Sikumtaja mtu.”

“Ulisema mwenye ufunguo wa mlango.”

“Nilisema mwenye ufunguo ana muda. Maneno mengine mliyasema nyie. Wewe ndiye uliyemfokea mbele ya wazee, mimi sikuwepo.”

Alisimama, akajikung'uta vumbi la mbao nyuma ya suruali. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kuongeza neno, akaliacha. Ni mara ya mwisho kuingia karakana kwangu.

Nilipeleka ndoo kwa wazee. Walizitazama zile funguo muda mrefu. Walisema ni jambo la kusikitisha, watazungumza naye kwa hekima, na yule mama watamtumia salamu arudi. Mmoja akaniomba nisilitoe nje, maana kwaya itavunjika na watu wa makanisa mengine watapata la kusema. Nikamwuliza kama salamu hiyo itatajwa kwenye kipaza sauti, kama lile tangazo. Alisema tuombe kwanza.

Basi nilimtafuta mwenyewe. Nilisikia amehamia Kasekese kwa binti yake, kijiji kile kile tulichoimba, na sikuwa nimejua. Nilichukua pikipiki. Nilimkuta anaanika mihogo juu ya turubai, akiigeuza kipande kimoja kimoja.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Alinitambua. Hakuacha kazi. Akanionyesha kigoda kwa kidevu.

Nilimwambia yote. Nilimwambia ni nani, na lini, na kwamba alipotujibu mbele ya wazee alisema kweli. Nilimwambia kwamba nilimfokea nikimtetea mtu aliyekuwa na kosa. Niliomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akigeuza mihogo.

“Siku mliyokuja kuimba hapa nilikuwepo,” alisema. “Nilisimama nje, upande wa dirisha. Nilikusikia ukisema ziliibiwa. Nikamsikia na mwenyeji akiuliza, nani mwizi, na mmoja wenu akasema, alishaondoka.”

Sikulijua hilo.

“Miaka saba, mwana wanje,” aliniambia, kwa kile Kirundi chao cha kumwita mtu mtoto wangu, lakini hakukisema kwa upole. “Nilikuwa nakufungulia mlango wa mazoezi, unanisalimia, unaniuliza watoto hawajambo. Ulinijua au hukunijua?”

“Nilikujua.”

“Basi ndiyo hiyo inayoniuma. Shemeji yako mimi sikuwa na ukaribu naye.”

Akaniambia hatarudi kufagia, kwamba ana shamba la binti yake la kumsaidia kulima, na kanisa lile jipya linamtosha. Alitaka jambo moja. “Mlitangaza na kipaza sauti,” alisema. “Mtangaze na kipaza sauti.” Kisha akaingia ndani akaniletea maji ya kunywa, nikanywa, nikaondoka.

Jumapili, kwaya iliposimama kuimba, nilisogeza besi pembeni nikakichukua kipaza sauti kabla mwalimu hajatoa sauti ya kuanzia. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilisema kwamba mama aliyekuwa akifagia kanisa hili hakuiba kitu, kwamba alisema kweli nasi hatukumsikia, na kwamba mimi nilikuwa wa kwanza kutomsikia. Nilisema funguo zilichukuliwa na mtu wa nyumbani kwetu, na zimerudi. Sikutaja jina, lakini watu wote waligeuka wakatazama benchi walilokalia dada na shemeji. Shemeji alitazama mbele. Dada alifunika uso na mtandio. Kisha tukaimba, vibaya, wengine wakiwa hawana sauti.

Kwaya haikuvunjika. Waimbaji wawili waliondoka. Shemeji anasali kwingine sasa, na nasikia huko ana kikundi cha vijana anachokifundisha gitaa, na wanamsifu kwa uvumilivu wake. Sishangai. Ni mwalimu mzuri.

Nilimpigia simu yule mama kumwambia kwamba imetangazwa. Alisema alishasikia. Akaniuliza kama kuna mtu anayemwagilia yale maua ya mlangoni, nikasema sijui, akasema basi yatakuwa yamekauka, tukaagana.

Mama yetu alipougua mwaka huu, tulikutana Sibwesa watoto wote. Dada alipika, kama kawaida yake. Aliniwekea chakula changu kwanza, kabla ya kaka zangu, na kipande cha samaki cha mkiani ninachokipenda, halafu akaenda kukaa upande wa pili wa uani. Tulizungumza habari za dawa za mama, nani atabaki naye wiki hii na nani wiki ijayo. Aliniita kwa jina langu la utotoni mbele za watu. Nilipomwuliza wakati wa kuondoka kama anahitaji lifti ya kurudi mjini, alisema atapanda na wengine.